Kusoma Tamathali za Kiingereza kwa Sikio la Kiingereza

Mwanafunzi anayefungua shairi au hotuba ya Kiingereza hukuta mengi aliyokwisha kuyasoma katika fasihi ya Kiswahili: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, chuku, kinaya. Majina hayamsumbui. Kinachomwangusha ni kupima Kiingereza kwa sikio la Kiswahili.

Chukua vina. Katika utenzi, silabi za mwisho zikilingana, kina kimepatikana. Kiingereza hakihesabu hivyo. Kina chake huanzia kwenye irabu ya silabi yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Ndiyo maana "table" na "able" ni vina, lakini "table" na "bubble" si vina, ingawa mwisho wake unasikika sawasawa. Tahajia nayo hudanganya: "love" na "move" zinafanana machoni tu, ilhali "blue" na "through" ni vina kamili.

Takriri ya konsonanti, yaani maneno jirani kuanza kwa sauti moja, nayo huhesabiwa kwa sauti wala si kwa herufi. "Knife", "nurse" na "gnat" zinaingia kundi moja. "City" na "cat" haziingii. Kisha kuna mtego unaotokana na lugha yetu wenyewe. Ukisema "kisu kile kikali kimevunjika" umetamka ki- mara nne, na hukuitafuta hata moja. Upatanisho wa kisarufi ndio ulioileta. Kiingereza hakina upatanisho wa namna hiyo, kwa hiyo konsonanti ikirudi mara tatu katika mstari mmoja wa shairi, mara nyingi mshairi kaiweka makusudi. Sikio lililozoea mlio huo huupita bila kushtuka.

Kwenye tashbihi, wengi huwinda maneno "like" na "as", kisha wanapigia mstari kila yanapotokea. "She works as a nurse" inataja kazi tu. "He looks like his brother" ni ulinganisho wa kawaida, kama vile "Juma ni mrefu kama baba yake" isivyo tashbihi kwetu. Lazima vitu viwili viwe vya jamii tofauti. Taashira, yaani kutaja kitu kwa jina la kingine kinachohusiana nacho, haina shida sana: anayeelewa "Ikulu imesema" ataelewa "the White House said".

Hotuba ndizo zinazofundisha takriri vizuri kuliko mashairi, kwa maoni yetu. Tarehe 4 Juni 1940, baada ya askari kuokolewa Dunkirk, pwani ya Ufaransa, waziri mkuu Winston Churchill alilihutubia Bunge la Uingereza na kurudia "we shall fight" mara saba karibu na mwisho wa hotuba. Mwanafunzi akiishia kusema "amerudia ili kusisitiza" ameacha utamu wote. Tazama kinachobadilika: Ufaransa, baharini, angani, kisha fukwe, viwanja vya kutua, mashamba na mitaa, vilima. Vita vinatoka ng'ambo na kusogea hadi nyumbani kwa msikilizaji. Halafu mfululizo unakatika kwa "we shall never surrender", na uzito wote unaangukia hapo.

John F. Kennedy, akiapishwa kuwa rais wa Marekani tarehe 20 Januari 1961, alitumia mbinu nyingine: kupindua mpangilio. Nusu ya kwanza inataka usiulize nchi itakufanyia nini, nusu ya pili uulize wewe utaifanyia nini nchi. Maneno ni yaleyale, "country" na "you" yamebadilishana nafasi tu, na wajibu umehama pamoja nayo.

Kinachopotosha zaidi wasomaji wetu ni kusema pungufu kwa makusudi. Mwingereza akisema "not bad", mara nyingi anasifia. "Not unhappy" nayo si kosa la ukanushi mara mbili, wala si sawa na "happy". Msemaji anajizuia, na kujizuia huko ndiko kwenye maana. Kinaya nacho huchanganywa na bahati mbaya. Mvua kunyesha siku ya harusi ni bahati mbaya. Kituo cha zimamoto kuteketea kwa moto, hicho ni kinaya.

Katika jibu la mtihani, nukuu maneno machache, taja tamathali, kisha eleza kazi yake mahali hapo. "Inamvutia msomaji" haina thamani, kwa kuwa inafaa mstari wowote duniani. Ukikwama, iondoe tamathali, uandike sentensi kavu, uone kilichopotea. "The wind whispered" ikiwa "the wind blew softly", upole umebaki. Kilichoondoka ni siri: anayenong'ona ana wa kumnong'oneza, na ana jambo asilotaka wengine walisikie. Hilo ndilo la kuandika.