Arifa za kitapeli kwenye kivinjari: tafuta ruhusa kabla ya kutafuta virusi

Mama mmoja aliniwekea kompyuta mpakato mezani akaniambia, "Mwanangu, hii mashine inakufa." Kabla sijaketi, kwenye kona ya chini kulia ya skrini kikachomoza kisanduku: ngao nyekundu, alama ya mshangao, na maneno kwamba virusi 5 vimepatikana na taarifa zake za benki ziko hatarini. Kikapotea. Baada ya muda mfupi kikaja kingine, safari hii kikidai kwamba ulinzi wake umeisha muda leo na alipie upya. Alikuwa ameshalipia programu mbili za kuzuia virusi ndani ya mwezi mmoja. Zote zilikagua diski nzima, zote zikasema hakuna kitu, na visanduku vikaendelea kumiminika.

Nilimwomba asiguse chochote, tusubiri kingine. Kilipotokea nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu mstari wa maandishi madogo ya kijivu, ambao jicho huuruka kwa sababu ngao ile nyekundu imeshalinasa. Hapo palikuwa na jina la kivinjari chake, yaani programu anayofungulia tovuti, na anwani ya tovuti, mkururo wa herufi usiotamkika. Nikamwambia, "Mama, anayekuandikia ni huyu. Kompyuta yako haijasema neno."

Mstari huo ndio ninaotaka kila mtu ajue kuusoma. Visanduku vile ni arifa za kivinjari, na mtu anayezituma anachagua mwenyewe kichwa cha habari, maneno na picha. Anaweza kuweka nembo ya kampuni yoyote ya usalama, akaandika kwa sauti ya mfumo wa kompyuta, akaiga mpaka rangi. Anwani ya tovuti, hata hivyo, huwekwa na kivinjari, na tapeli hana uwezo wa kuiondoa. Kwa hiyo onyo likitokea, usisome kwanza linasema nini. Soma limetoka wapi.

Zile programu mbili za kuzuia virusi hazikumdanganya zilipokosa kitu, maana hapakuwa na faili la kukamata. Kilichokuwepo ni ruhusa halali aliyoitoa yeye mwenyewe siku moja bila kujua. Kivinjari cha Chrome kilianza kupokea arifa za namna hii mwaka 2015, toleo la 42, na kivinjari kingine, Firefox, kikafuata mwanzoni mwa 2016. Nia ilikuwa njema: gazeti likuarifu habari mpya, barua pepe ikujulishe ujumbe umeingia, hata kama ukurasa wake umeufunga.

Ukibofya Ruhusu (au Allow, kama kifaa chako kiko kwa Kiingereza), kivinjari hujisajili kwenye huduma ya arifa ya kampuni iliyokitengeneza, kisha huikabidhi tovuti anwani ya pekee ya kukufikia. Tovuti huihifadhi anwani hiyo kwenye seva yake. Huku kwako hubaki skripti ndogo, yaani maelekezo mafupi ya programu, iliyolala ndani ya kivinjari, na ujumbe ukifika kivinjari huiamsha, nayo ikachora kisanduku. Ndiyo maana kufunga kichupo, yaani ukurasa mmoja kati ya zilizo wazi kwenye kivinjari, hakusaidii. Kufuta historia peke yake nako hakuigusi ruhusa. Simu ya Android huamshwa hata kama hujafungua kivinjari siku nzima, na kwenye Windows Chrome inaweza kuendelea kufanya kazi chinichini baada ya madirisha yote kufungwa. Zaidi ya hapo, ujumbe wenyewe husafiri ukiwa umefungwa kwa usimbaji, hivyo huduma inayoupitisha njiani haiwezi kuusoma na kuuchuja.

Swali linaloniuma zaidi ni jinsi ruhusa hiyo inavyopatikana, kwa sababu wanaokuja kwangu huja na aibu, kana kwamba wamefanya ujinga. Hawajafanya. Wamewindwa na watu wanaoijua kazi yao. Unafungua ukurasa wa kutazama mechi au kupakua faili, unakuta picha ya roboti na mshale unaoelekea juu kushoto, na maandishi: bofya Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu. Au duara la video linazunguka tu, na chini yake wanasema video haitaanza mpaka uruhusu. Au wanadai ndiyo njia ya kuthibitisha umri wako. Ombi linalotokea pale juu ni la kweli, limetoka kwa kivinjari, na linasema wazi kwamba tovuti inataka kukutumia arifa. Lakini tapeli ameshakupa maana nyingine ya kile kitufe kabla hujalisoma. Kapcha ya kweli, lile jaribio la kuthibitisha kuwa wewe si roboti, haihitaji ruhusa ya arifa, video haihitaji, wala kupakua faili hakuhitaji. Ukiona ombi la arifa limefungwa pamoja na mojawapo ya hayo, ondoka kwenye ukurasa huo.

Ukibofya Zuia, kivinjari hukumbuka na tovuti hiyo haiwezi kuuliza tena. Matapeli wanalijua hilo, kwa hiyo hukurusha kwenye anwani nyingine inayofanana, iliyobadilishwa herufi chache mwanzoni, ambayo kwa kivinjari ni tovuti mpya kabisa yenye haki ya kuuliza upya. Mtu anakataa mara nne, mara tano, mwishowe anachoka na kuruhusu ili aachwe. Hiyo pia si aibu yake.

Na fedha zinatoka wapi? Orodha ya vifaa vilivyoruhusu ni bidhaa. Mwenye orodha hupitisha matangazo ya watu wengine na kulipwa kwa kila anayebofya, au hupata kamisheni kila mtu anayetishwa anaponunua ulinzi. Programu aliyoinunua yule mama inaweza kuwa ya kweli kabisa, ya kampuni halali. Aliyemsukuma kuinunua kwa hofu ndiye tapeli, na amechukua fungu lake.

Kuondoa ruhusa kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kwenye Chrome ya kompyuta, andika chrome://settings/content/notifications pale juu panapoandikwa anwani, kisha shuka mpaka kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Edge, kivinjari cha Microsoft, ni hivyohivyo, ila unaanza na edge:// badala ya chrome://. Kila usiyoitambua, fungua nukta tatu kando yake uchague Zuia. Napendelea kuzuia kuliko kufuta, kwa sababu tovuti uliyoifuta inaweza kukuuliza tena kesho. Kisha, kwenye ukurasa huohuo, zima kabisa uwezo wa tovuti kuomba kutuma arifa. Watu wengi hawapotezi chochote kwa kufanya hivyo. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, ilipochunguza maombi haya kwenye toleo la majaribio la Firefox kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, ilikuta yanayokubaliwa hayafiki 3%, na karibu 19% yalimfanya mtu aondoke kwenye tovuti papo hapo. Kuanzia toleo la 72, Januari 2020, Firefox haionyeshi tena ombi mpaka mtu afanye jambo kwenye ukurasa, na Chrome ilianza kuyapunguzia kelele mwaka huohuo. Ukitumia Firefox, orodha iko kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, chini ya ruhusa. Weka alama kwenye kisanduku cha kuzuia maombi mapya, na usisahau kuhifadhi kabla ya kufunga dirisha. Nimeona wengi wakisahau hapo, kisha wakadhani njia hii haifanyi kazi.

Kwenye simu ya Android kuna njia ya mkato. Arifa ikifika, usiiguse kama kawaida. Ibonyeze bila kuachia kidole mpaka mipangilio yake ijitokeze, na utaiona tovuti iliyoituma ikiwa na swichi yake. Au ingia kwenye nukta tatu za Chrome, Mipangilio, mipangilio ya tovuti, Arifa. Matoleo mapya ya Chrome yana kitufe cha kujiondoa kwenye arifa yenyewe, na tangu 2025 Chrome ya Android inaweza kuikagua arifa ndani ya simu na kukuonya ikiitilia shaka.

iPhone ni hadithi tofauti. Arifa za tovuti ziliingia huko Machi 2023 na iOS 16.4, na hata hivyo ni kwa tovuti tu ambayo umeiongeza mwenyewe kwenye skrini ya mwanzo. Kwa hiyo mwenye iPhone akiniambia simu yake inamwonya kuhusu virusi kila asubuhi, naanza na kalenda. Kuna kurasa zinazokufanya ujiandikishe kwenye kalenda ya mtu mwingine, na matukio yake hukuamsha kama miadi yako. Fungua kalenda, tafuta ile usiyoijua kwenye orodha, jiondoe. Imekwisha.

Madirisha ibukizi, yale yanayochomoza yenyewe na tangazo ukiwa kwenye ukurasa, ni ndugu wa zamani wa tatizo hili. Ethan Zuckerman, aliyeandika mojawapo ya programu za kwanza za kuyaonyesha alipokuwa akifanya kazi Tripod, kampuni iliyohifadhi kurasa za watu mtandaoni, miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Alieleza kwamba walitaka tangazo likae kando na ukurasa, ili mtangazaji asihusishwe na yaliyoandikwa humo. Vivinjari vikajifunza kuyazuia, na kufikia Agosti 2004 hata Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, ilipewa kizuizi, ndani ya kifurushi cha pili cha maboresho ya Windows XP. Lakini kizuizi kina mlango mmoja: dirisha linalofunguka kwa sababu umebofya huruhusiwa, kwa kuwa huenda ndilo ulilolitaka. Ndiyo maana kwenye tovuti za filamu za wizi unabofya kitufe cha kucheza mara ya kwanza, dirisha la kamari linafunguka. Mara ya pili, jingine. Juu ya kitufe wametandaza kitu kisichoonekana kinachosubiri kidole chako. Mpangilio wa kivinjari haukutoshi hapo. Kiendelezi cha kuzuia matangazo, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, kinasaidia sana, nami hukiweka kwenye kila kompyuta ninayoitengeneza, ila kichukue kwenye duka rasmi la viendelezi na usome vizuri jina la aliyekitengeneza, kwa sababu kuna viendelezi bandia vinavyoleta matangazo yaleyale vinayodai kuyazuia.

Na hilo linanileta kwa wale waliofuta ruhusa zote na bado vichupo vinafunguka vyenyewe. Angalia viendelezi. Zima vyote, tumia kivinjari kwa saa chache, kisha washa kimoja kimoja mpaka mkosaji ajitokeze. Ukikuta kiendelezi hakitaki kufutika, na menyu ya Chrome inasema kivinjari kinasimamiwa na shirika ilhali kompyuta ni yako binafsi, kuna programu iliyojipenyeza ikaweka sera zake, yaani kanuni za kukiendesha kivinjari. Hapo sasa ndipo pa kukagua virusi, na ndipo ninapowashauri watu wamwite fundi.

Kwenye Android, tangazo likitanda skrini nzima hali hujafungua kivinjari, mkosaji kwa kawaida ni programu uliyosakinisha: tochi, kisafisha simu, kisoma msimbo. Tangazo likiwa bado juu, fungua orodha ya programu za karibuni uone aikoni iliyo mbele. Nyingine huficha aikoni zake, hivyo pitia orodha kamili kwenye mipangilio, pamoja na sehemu inayoonyesha nani ameruhusiwa kujitokeza juu ya programu nyingine. Ikikushinda, washa simu kwa hali salama. Programu ulizoziongeza hazifanyi kazi hapo, nawe utaweza kufuta kwa utulivu.

Jambo la hatari kuliko yote ni ukurasa unaojaza skrini, unaopiga king'ora na kukupa namba ya simu ya "wataalamu". Usipige. Shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde chache ili skrini irudi kawaida. Ukurasa usipokubali kufungika, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kwenye Windows, au Command, Option na Esc kwenye Mac, ukizime kivinjari kutoka huko. Kikiuliza kama kirejeshe kurasa zilizokuwa wazi, kataa. Ikiwa ulishapiga na ukamruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali, ikate intaneti kwanza, ondoa programu aliyokuwekesha, kisha badilisha nywila zako ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe, maana ndiyo inayofungua nyingine zote. Benki ipigie siku hiyohiyo, kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Kwenye kompyuta ya yule mama tulikuta tovuti 23 zilizoruhusiwa. Aliitambua moja, ya barua pepe yake, tukaiacha. Nyingine tulizizuia moja baada ya nyingine, yeye akiwa ameshika kipanya, kwa sababu nilitaka aweze kufanya hivyo siku nyingine bila mimi. Visanduku vilikoma. Kisha nikamuuliza kuhusu zile programu mbili alizolipia, tukafungua risiti kwenye barua pepe: zote zilikuwa za kujilipia zenyewe upya kila mwaka kutoka kwenye kadi yake, jambo ambalo hakulijua. Moja tuliisitisha pale pale. Ya pili ilitaka tuandike barua ya maombi, tukaiandika, na ninaisubiri nakala ya majibu pamoja naye.