Uzalendo wa Dakika ya 80

Nimekwisha kujiahidi mara kadhaa kwamba sitaandika tena juu ya uzalendo wa wachezaji, na kila mara timu yetu ya taifa, Taifa Stars, hunilazimisha kuivunja ahadi hiyo. Safari hii aliyenichokoza ni mzazi. Ilikuwa Jumapili, Desemba 28, 2025, asubuhi iliyofuata sare ya 1-1 na Uganda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Morocco, nami nilikuwa nimeinama nikipanga koni kwenye kiwanja chetu cha vumbi, Temeke, vijana wa chini ya miaka 13 wakifunga kamba za viatu. Baba mmoja akaja hadi mstari wa kati, akanipa mkono, akasema kwa upole kabisa: "Mwalimu, hawa watoto wafundishe uzalendo kwanza. Mpira watajua wenyewe." Nikamwitikia, "Sawa, mzee wangu," kwa sababu yeye ndiye anayetujazia mipira upepo kwenye gereji yake na sikutaka kugombana naye kabla ya chai. Yale niliyoyameza asubuhi ile ndiyo ninayoyaandika hapa.

Tuanze na hesabu ya siku. Desemba 27 Msuva alitufungia penalti, Uganda wakasawazisha dakika ya 80, na nchi nzima ikakubaliana kwamba wachezaji hawana uchungu na bendera. Desemba 30 wachezaji walewale walitoka sare ya 1-1 na Tunisia, Feisal akisawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, tukavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu kwa pointi mbili tu, na uzalendo ukawa umerudi. Januari 4 tukafungwa na wenyeji bao 1-0 katika hatua ya 16 bora, na watu walewale wakasema vijana wamekufa kiume. Ikiwa uzalendo huondoka Jumamosi na kurudi Jumanne bila mchezaji yeyote kubadilika moyo, basi tunachokiita uzalendo ni matokeo tu yaliyovalishwa kanzu.

Najua jibu litakalonijia, maana nimelisikia kwenye vijiwe vyote vya kahawa kuanzia Mbagala hadi Kariakoo: kwa nini basi huwa tunafungwa mwishoni? Hapo wana ushahidi, na siwezi kuwanyima. Mwaka 2015 tuliongoza 2-0 dhidi ya Algeria hapa Dar es Salaam, wakarudisha yote mawili katika kipindi cha pili, na siku tatu baadaye wakatupiga saba kwao. Mwaka 2019 kule Misri tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya, tukalala 3-2 kwa bao la Olunga la dakika ya 80. Januari 2024 kule San Pedro tuliongoza mbele ya Zambia waliokuwa wamebaki 10 tangu kabla ya mapumziko, na Daka akasawazisha dakika ya 88. Mchezo huu wa mwisho ndio unaowauma watu zaidi, nami pia, lakini ndio pia unaoeleza vizuri kuliko yote kwamba tatizo halikai kifuani.

Mtazameni beki wetu wa kati katika dakika ya 75, timu ikiongoza kwa bao moja. Mpira unamjia kutoka pembeni, na ana sekunde moja na nusu hivi. Kama alikwisha kutazama nyuma ya bega lake kabla mpira haujafika, anajua kwamba nambari sita, yaani kiungo mkabaji, yuko peke yake hatua tano kulia, atampa, na timu itapumua. Kama hakutazama, hajui lolote isipokuwa kelele, na mtu asiyejua lolote hubutua. Mpira uliobutuliwa hurudi upesi, na kila unaporudi unakuta safu ya ulinzi imesogea hatua mbili zaidi kuelekea kwa kipa wake, viungo wamekimbia kuufuata bila kuugusa, na mshambuliaji wetu aliye peke yake mbele ameacha kukimbia kwa sababu haoni faida ya kukimbilia mpira usiomfikia. Rudia hivyo mara 15 au 20, nawe utakuwa na wachezaji 10 ndani ya boksi lao wenyewe, wamechoka kuliko wapinzani waliobaki 10. Mtazamaji wa sebuleni anaona watu waliokata tamaa, ilhali mimi naona watu waliojitolea kupita kiasi kwa sababu hawakujua njia ya kukimbia kidogo. Ukiwaongezea uchungu wa bendera watabutua mbali zaidi.

Na hapa ndipo ninapowaomba mnivumilie, kwa sababu jambo linaloniudhi kuliko yote ni hili la kuinua kichwa, ambalo kila mtu hulisema kwa sauti na karibu hakuna anayelifundisha. Utasikia kocha nje ya mstari akipiga kelele, "Inua kichwa! Inua kichwa!", wakati kijana tayari ana mpira mguuni. Hapo mwalimu umechelewa. Kichwa huinuliwa kabla, mpira ukiwa bado uko njiani, na tena hakiinuliwi tu bali hugeuzwa: bega la kushoto, bega la kulia, kisha macho yarudi kwenye mpira. Mchezaji anayengoja mpira umfikie ndipo atafute mtu wa kumpa ni sawa na dereva anayefumbua macho baada ya kuingia makutano.

Wiki hiyohiyo nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka mingi iliyopita. Nilisimama nyuma ya goli na daftari, nikamfuata kijana wetu wa nambari nane, ambaye ndiye fundi wa kundi zima na ndiye mtoto wa yule mzee wa gereji, kwa dakika 20 za mchezo wa mazoezi. Alipokea mpira mara 17. Kabla ya kuupokea alitazama nyuma mara mbili, na mojawapo ya hizo mbili ilikuwa kwa sababu mdogo wake alimwita akimwambia mama anauliza ufunguo uko wapi. Nimemfundisha mtoto huyu tangu akiwa na miaka tisa. Kwa hiyo hesabu ile haikuwa yake peke yake, ilikuwa yangu pia.

Kwa nini hatazami? Kiwanja chetu kina mawe, kina vifusi vilivyosawazishwa nusunusu, na karibu na kona ya mashariki kuna mfereji ambao mvua huuchimba upya kila mwaka. Mpira kwenye ardhi kama hiyo hauaminiki. Mtoto anayeondoa macho hata kwa nukta moja, mpira unampita chini ya unyayo au unamgonga ugokoni, na wenzake wanamcheka hadi jioni. Akili yake inajifunza somo lililo sahihi kabisa kwa mahali pale: usiondoe macho kwenye mpira. Analirudia kwa miaka minane. Akifika miaka 18 anachukuliwa na klabu, anapelekwa kwenye nyasi nzuri za Chamazi, na kocha mgeni anashangaa kwamba kijana mwenye chenga tamu namna hii hajui yuko wapi uwanjani.

Hayo ndiyo maelezo yangu, na nimeyatoa kwenye semina mara nyingi kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Ukweli ni kwamba sina uhakika wote huo. Mshambuliaji wetu Samatta ametoka Mbagala, na vumbi la Mbagala nalijua kama kiganja changu, lakini vumbi hilo halikumzuia kuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 akiwa na TP Mazembe wala kufunga katika fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza mwaka 2020 akiwa na Aston Villa. Wapo wanaosema uwanja mbovu ndio unaozaa mguso mzuri, na siwezi kuwabisha kwa ushahidi. Labda vumbi linampa mtoto mguso na kumnyima macho, na mwenye kipaji kikubwa huyafidia macho baadaye huku sisi wengine tukibaki hivyo hivyo. Labda pia nimelipenda wazo hili kwa sababu linanipa mtu wa kumlaumu ambaye hana mdomo, yaani ardhi.

Jambo ambalo sina shaka nalo ni idadi ya mechi. Nina watoto 46 na mipira tisa, miwili kati yake ikivuja. Mwaka jana kundi langu la chini ya miaka 13 lilicheza mechi 11 zenye mwamuzi. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ipo, na ni jambo jema, lakini mtindo wake ni kuchuja: shule, wilaya, mkoa, taifa, na anayechujwa wiki ya kwanza hana mechi nyingine ya kueleweka hadi mwaka unaofuata. Uamuzi wa dakika ya 80 haufundishwi ubaoni. Unafundishwa kwa kuongoza 1-0 ukiwa na miaka 12, kuipoteza, kulia, kisha kuongoza tena wiki inayofuata. Wamorocco waliotutoa Januari walifungua chuo cha soka cha Mohammed VI karibu na Rabat, na humo wakatoka wachezaji wa timu yao ya taifa akina En-Nesyri, Aguerd na Ounahi. Hakuna aliyewauliza watoto wale kama wanaipenda nchi, waliulizwa kama wamekuja mazoezini.

Kuhusu wachezaji wa kigeni wanaoruhusiwa kwa kila klabu sitasema mengi. Wanaziba nafasi, ni kweli, lakini hawajawahi kumzuia mtoto wa miaka 10 kucheza.

Kuna dhambi nyingine ambayo siwezi kuipita, nayo ni vijeba, yaani waliopita umri wanaochezeshwa kama watoto. Mwaka 2005 timu yetu ya chini ya miaka 17 ilikuwa imekwisha kufuzu fainali za Afrika za Gambia ikaondolewa kwa kosa la umri, na baadaye wakaja wataalamu na kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kinachoonyesha kama mfupa umekwisha kufunga au bado. Kipimo hicho kinakamata udanganyifu kwenye mashindano makubwa, lakini hakifiki kwenye kombe la kata, na huko kwenye kata ndiko madhara yanakofanyika. Ukimweka kijeba mmoja mbele, huna haja ya kumfundisha yeyote kutazama nyuma ya bega, kwa kuwa kila mpira unapigwa juu naye anawapita watoto kama lori kwenye baiskeli. Mtoto mdogo mwenye akili ya mpira hukaa benchi mwaka mzima, na mwaka wa pili haji. Nayajua haya vizuri kwa sababu nimewahi kumchezesha kijeba mimi mwenyewe. Yalikuwa mashindano ya mtaani, zawadi ilikuwa mbuzi na seti ya jezi, na watoto wangu hawakuwa na jezi. Tulichukua ubingwa. Jezi zile zimekwisha kuchakaa, na yule winga mdogo niliyemweka benchi sasa anaendesha bodaboda na kila tukikutana hunisalimia kwa heshima ambayo sistahili.

Mzee wa gereji angeniuliza: na wale wa mwaka 1979 je, walioitoa Zambia kwa bao la Peter Tino kule Ndola na kutupeleka fainali za Afrika za Lagos 1980, hawakuwa wazalendo? Walikuwa. Tena kuna jioni ambazo mimi mwenyewe hujikuta naamini kwamba kizazi kile kilikuwa na kitu ambacho hatuna leo, mtu aliyetoka kazini akacheza kwa ajili ya nauli na sifa. Lakini na wao walimaliza fainali zile na pointi moja, kisha tukasubiri miaka 39 kurudi. Kama moyo wao ungetosha, tusingesubiri hivyo. Na mabinti wa Serengeti Girls waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, wakiwafunga Ufaransa njiani, sikumsikia mtu akiwahubiria uzalendo kabla hawajaondoka. Wengi hawakujua hata kama wameondoka.

Rais Ali Hassan Mwinyi aliwahi kuufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila anayejifunza kunyoa hujifunzia hapo. Tunaikumbuka kauli hiyo kwa kicheko, lakini tunasahau kwamba lawama yake iliangukia mikono yenye wembe. Uzalendo ni lawama rahisi kwa sababu hauhitaji mtu anunue mpira, asawazishe kiwanja wala akatae mbuzi. Unamtaka tu kijana wa miaka 24 aimbe wimbo wa taifa kwa sauti zaidi.

Tangu siku ile ya daftari nimembana yule nambari nane. Sheria ni moja: akipokea bila kutazama, timu yake inapoteza mpira hata kama pasi ilikuwa nzuri. Jumamosi iliyopita tulicheza na jirani zetu wa ng'ambo ya barabara. Alitazama mara tisa kati ya mara 20, na kati ya hizo tisa mpira ulimpita chini ya mguu mara nne, mmoja ukazaa bao walilotufunga. Tulilala 2-1. Baba yake alikuja hadi mstari wa kati, hakunipa mkono, akaniuliza nimemfanyia nini mwanawe, mbona zamani alikuwa anajua mpira.