RW sio flashi, jamani

Wiki hii tena. Mwalimu mmoja kaja na CD-RW, ile CD ya kuandika na kufuta, kaiweka kwenye mfuko wa nailoni, ndani mna matokeo ya wanafunzi ya mihula mitatu, hard disk ya kompyuta yao imekufa na hiyo diski ndo ilikuwa backup pekee. Naitia kwenye draivu, inazunguka, inanyamaza, inazunguka tena, halafu Windows inaniuliza kama nataka kuformati. Mwalimu akaniambia, "Fundi, mbona hii ni ya kufutika? Mimi kila Ijumaa nafuta za zamani naweka mpya, kama flashi tu."

Hilo neno "kama flashi" limenichosha. Na siwalaumu watu, maana ukitia diski tupu kwenye Windows 7 inakuuliza yenyewe unataka kuitumia kama flashi au kwa pleya, sasa nani atachagua pleya? Ukichagua flashi inaiformati kwa UDF (mpangilio wa mafaili unaokuruhusu kuburuta na kufuta), CD ya MB 700 inabaki na kama 570 hivi, unaburuta faili, unafuta, unaburuta tena. Kwa faili la kubeba leo ufungue kesho sina neno. Kwa backup hapana. Kila ukiburuta faili, orodha ya mafaili nayo inaandikwa upya, ukitoa diski kabla haijamaliza au umeme ukikatika hapo katikati, mafaili yapo ila orodha imevurugika na kompyuta inaona diski tupu. Kusanya mafaili yako, choma kwa mkupuo mmoja, funga diski isiongezewe kitu, basi.

Halafu hii ya kusema diski imekufa kwasababu draivu moja imeikataa. Tabaka la CD-RW ni mchanganyiko wa fedha, indiamu, antimoni na teluriamu, leza ndo inaliyeyusha kuandika na kulipasha moto wa chini zaidi kufuta, na linarudisha mwanga robo hivi au pungufu wakati CD-R, ile ya kuandikwa mara moja isiyofutika, inarudisha zaidi ya nusu. Draivu yenye lenzi iliyochoka inasoma CD-R vizuri tu ila RW inaitema. Jaribu draivu nyingine, na ile iliyochoma ndo ya kwanza kujaribu.

Boksi linasema unaweza kufuta na kuandika mara 1000. Mimi nimeona diski imeanza kugoma haijafika hata mara arobaini na mwenzake wa boksi hilohilo bado anadunda, kwahiyo hiyo namba siitegemei hata kidogo. Ikianza kusumbua ifute yote, usiifute haraka, maana kufuta haraka kunaondoa orodha ya mwanzo tu na data ya zamani inabaki palepale. Wakati mwingine inarudi vizuri. Mimi hata ikirudi siiwekei tena kitu cha maana.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiyo Ijumaa ya mwalimu. Ukiwa na diski moja, ukafuta ya wiki iliyopita ndo uandike ya wiki hii, hapo katikati huna backup yoyote, na kama kuandika kukigoma umeiua ya zamani kwa mkono wako. Ziwe tatu, ziandike namba, zipokezane, ya wiki iliyopita isiguswe mpaka ya wiki hii imefunguka kwenye kompyuta nyingine. Ikifika mwisho wa muhula choma CD-R uiweke mbali na jua. Na washa ile verify (programu inakagua ilichoandika) wakati wa kuchoma, inachelewesha dakika chache tu, kumaliza kuchoma peke yake hakukwambii kama kilichoandikwa kinasomeka.

Ya mwalimu ilisomeka kwenye draivu ya tatu, ya zamani kabisa, polepole mno. Mihula miwili imetoka mizima. Wa tatu faili linaonekana kwa jina na halifunguki, na jana kanipigia simu anasema ameshaanza kuyaandika upya kutoka kwenye daftari za maksi, darasa moja baada ya lingine.