Mashine mpya za kusikia: kabla hujalipa mamilioni, nikwambie ninavyozipima

Kila kampuni ikitoa mashine mpya ya kusikia watu wananitumia ile video ya tangazo WhatsApp, na swali ni lilelile, "daktari hii vipi, tumnunulie mzee?" Na mimi huwa narudisha swali, mzee anashindwa kusikia wapi? Sebuleni na wajukuu, dukani, msikitini, kwenye simu? Maana hizo ni shida nne tofauti kabisa na hakuna mashine moja inayozitibu zote sawasawa, hata iwe imetoka jana.

Mimi ni mtaalamu wa usikivu, nipo Dar, kazi yangu ni kupima masikio, kufunga mashine, alafu kukaa na watu baada ya kufunga, na hiyo ya mwisho ndo inanifundisha zaidi. Karatasi ya kampuni inanieleza kifaa kimefanya nini kwenye chumba tulivu cha maabara huko Uswisi au Denmark. Mtu akirudi baada ya wiki kadhaa ananieleza kimefanya nini Mbagala.

Tuanze na akili mnemba (AI) maana ndo inatangazwa kuliko vyote saivi. Ni kitu cha kweli, nataka niseme hivyo mapema kabisa. Kampuni ya Oticon walitoa mashine yao ya More mwaka 2021, ndani ina mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uliofundishwa kwa mazingira ya sauti milioni 12, alafu Agosti 2024 kampuni ya Phonak wakaja na Sphere Infinio ambayo imewekewa chip ya pili kwa kazi moja tu, kutenganisha maneno ya mtu na kelele palepale wakati mtu anaongea. Mashine za zamani zilikuwa zinapunguza kelele kwa kuangalia masafa, yaani unene au wembamba wa sauti, zikiona masafa fulani yana muungurumo usiobadilika kama wa feni au jenereta zinayashusha, sasa na sauti ya mtu iliyopo kwenye masafa hayohayo inashuka nayo. Mtu anapata utulivu, kichwa hakimuumi, ila hajaelewa maneno zaidi ya mwanzo. Kilichokuwa kinasaidia kuelewa ni maikrofoni mbili zinazoelekea mbele, na zenyewe zinafanya kazi vizuri pale tu unayemsikiliza akiwa mbele yako.

Hii chip mpya ni hatua. Kampuni inadai unafuu wa hadi desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye kelele. Hiyo namba ni ya kampuni, kwenye mazingira waliyoyapanga wao, lakini hata ukiikata nusu bado ni kubwa, kwa sababu mtu mwenye upotevu wa kusikia wa kati desibeli 2 au 3 tu zinaweza kumtoa kwenye kudaka neno mojamoja akaanza kufuata sentensi. Nimewaona watu wanatoka nje na mimi tunasimama barabarani, bodaboda zinapita, honi, mtu anatangaza kwa spika ya kigari, na sura inabadilika. Inanifurahisha sana kuona hivyo na sitamzuia mtu mwenye uwezo asinunue.

Ila kuna mambo hiyo video haikwambii. La kwanza, chip inajua hii ni sauti ya binadamu na hii ni sauti ya mashine ya kusaga. Haijui ni binadamu gani unataka kumsikiliza. Kelele za huku kwetu mara nyingi sio za feni, ni za watu! Kikao cha vikoba akinamama kumi na tano wanaongea kwa pamoja, harusi MC anaongea huku meza ya pili wanacheka, nyumba yenye wajukuu saba na TV ipo wazi. Hapo mashine inabahatisha, kawaida inampa kipaumbele aliye mbele yako, kwa hiyo bibi akimgeukia anayemmwagia maji ya kunawa anampoteza aliyekuwa anampa habari. Kwa hali hiyo nafasi ya kukaa inasaidia kuliko chip, kaa mgongo wako uelekee kwenye kelele au ukutani, watu wawe mbele yako, na taa iwashwe uone midomo.

La pili ni umbali. Hapa ndo hela nyingi zinapotea. Sauti ya mtu kila umbali ukiongezeka mara mbili inashuka kama desibeli 6, alafu kwenye ukumbi wenye vigae na kuta tupu inarudi na mwangwi juu yake, sasa mashine iliyopo sikioni kwako inapokea maneno yaliyoshachanganyika, haina cha kutenganisha. Darasani mvua ikipiga bati ndo basi kabisa. Dawa ya umbali ni kusogeza maikrofoni kwa msemaji, sio kununua chip kali zaidi. Kuna vimaikrofoni vidogo mwalimu au mchungaji anabandika kifuani, sauti inaruka moja kwa moja hadi kwenye mashine, na kwenye mita tano sita vinaishinda mashine yoyote ya peke yake, ya bei yoyote. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo akija na bajeti yake namshauri kabisa achukue mashine ya daraja la kati na pesa inayobaki aiweke kwenye kimaikrofoni. Wauzaji wengine hawapendi nikisema hivi, lakini mtoto anataka kufaulu.

Kuna na hii Auracast, teknolojia ya Bluetooth iliyotangazwa 2022, ambayo ukumbi unarusha sauti na kila mwenye mashine inayokubali anaipokea sikioni bila kuunganisha chochote mmojammoja. Wazo zuri mno na naliombea lifike. Ila mimi kwenye msikiti au kanisa hapa Dar sijakutana nayo, kwa hiyo kama ndo sababu ya mtu kukuongezea bei, muulize utaitumia wapi mwezi huu.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniuma zaidi, nacho hakina tangazo. Mashine yoyote, mpya au ya zamani, ikitoka boksini ukaiwekea odiogramu yako, ule mchoro wa majibu ya kipimo cha masikio, kwenye kompyuta, programu inakisia iongeze kiasi gani. Inakisia kwa sikio la wastani. Sikio lako sio la wastani, tundu likiwa dogo sauti inakuwa kubwa zaidi, likiwa pana inapungua, domu, kile kimpira laini kinachoingia sikioni, ikiwa na matundu sauti nene zinavuja. Na mara nyingi hiyo setingi ya mwanzo inatoa pungufu kule juu kwenye sauti nyembamba, kilohezi 2 hadi 4, kwa sababu mtu mpya akipewa kiasi kamili analalamika sauti ni kali, vyombo vinagongana mpaka anashtuka, na kampuni zinataka apende siku ya kwanza. Lakini kule juu ndo kuna s, sh, f na t. Mtu asiyezipata hatofautishi fika na shika na pika, kisu na kitu. Ukijumlisha na ile h nyepesi, "ataenda" na "hataenda" zinakuwa kitu kimoja, na huyo mtu yupo hospitali anaambiwa dawa hii "utaitumia" au "hutaitumia". Fikiria.

Kipimo cha kujua kipo. Tunaingiza kijibomba laini chembamba chenye maikrofoni ndani ya tundu la sikio pamoja na mashine yako, tunapiga sauti ya maongezi, kompyuta inachora kilichofika kweli karibu na ngoma ya sikio, alafu tunalinganisha na kiwango kinacholengwa kwa sikio lako, kwa kanuni ya NAL ya Australia au DSL ya Kanada. Dakika chache tu, haiumi, inakutekenya kidogo. Mashine ya bei ya kati iliyopimwa hivi naichagua mbele ya mashine ya bei ya juu iliyofungwa kwa kukisia, na sina wasiwasi wowote kusema hivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza anayekuuzia lisiwe "ina akili mnemba?", liwe "utapima ndani ya sikio langu?" Akisema apu inajirekebisha yenyewe, au ukirudi baadaye tutaongeza sauti, tafuta mwingine.

Betri sasa. Karibu mashine zote mpya ni za kuchaji na wazee wenye mikono inayotetemeka zimewasaidia mno, vile vibetri vya zinki vilikuwa vinadondoka chini ya kitanda kila siku. Chaji moja inakupeleka kutwa nzima. Lakini umeme ukikatika usiku kucha? Kuna boksi za chaji ambazo zenyewe zina betri ndani, zinakuchajia mara kadhaa bila umeme wa ukutani, na kuna ambazo hazina kitu, ukiichomoa imekufa. Kwa macho zinafanana. Ulizia hilo kabla ya kuulizia rangi. Jua pia betri ya ndani inachoka baada ya miaka kadhaa na hautaibadilisha mwenyewe, inabidi irudi kwa fundi wa kampuni, na kama wakala hayupo nchini itasafiri wiki nyingi huku wewe husikii. Anayeishi mbali na umeme wa uhakika mimi bado namfungia ya betri za zinki, ile ya stika ya kahawia, namba 312, inakaa kama wiki, ya chungwa, namba 13, zaidi kidogo, akanunua kadi nyingi za kumtosha. Na ukibandua ile stika iache kama dakika tano ivute hewa kabla ya kufunga mlango, hizo betri zinafanya kazi kwa oksijeni.

Jasho na unyevu wa pwani nao. IP68 iliyoandikwa kwenye boksi inamaanisha vumbi haliingii na imezamishwa kwenye maji safi kwa muda fulani. Jasho lina chumvi, na linaingia kila siku kwa miezi, ni jaribio lingine. Mashine nyingi zinazorudi kwangu "zimekufa" hazijafa, risiva, kile kispika kidogo cha sikioni, imezibwa na nta au unyevu umeingia kwenye maikrofoni. Zilaze usiku kwenye kopo linalofunga vizuri lenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, badilisha kichujio cha nta kikiziba, usiache kwenye dashibodi ya gari. Kwa anayefanya kazi juani au jikoni, unafuu huu ni mkubwa kuliko wa programu yoyote.

Simu ni eneo ambalo watu wanaumia baada ya kulipa. Mashine inasema ina Bluetooth, unafika nyumbani haishiki Tecno yako. Ni kwa sababu kuna Bluetooth za aina tofauti, nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya iPhone, nyingine zinahitaji Android yenye mfumo maalum ambao simu nyingi za bei nafuu hazina. Phonak wanatumia Bluetooth ya kawaida kwa hiyo zinashika karibu simu yoyote, hapo nawapa sifa yao. Njoo na simu yako utakayoitumia kweli, tuiunganishe mbele yako, piga simu, ongea.

Na AirPods Pro 2, zile earphone za Apple, maana vijana wananiuliza sana kwa ajili ya wazazi wao. Septemba 2024 mamlaka ya Marekani, FDA, iliruhusu programu ya Apple inayozigeuza kuwa kifaa cha kusikia, kwa watu wazima wenye upotevu mdogo hadi wa kati. Mimi nimeipokea kwa moyo mweupe. Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye ripoti yake ya 2021 wanasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma ya usikivu, na kati ya wanaohitaji mashine wanaozitumia hawafiki hata mmoja kati ya watano, kwa hiyo mlango wowote wa bei nafuu ni wa kushukuru. Mipaka yake lakini ni ya kweli, lazima uwe na iPhone au iPad, chaji ni kama masaa sita tu sio kutwa, huduma yenyewe haijafunguliwa kila nchi kwa hiyo hakikisha kabla ya kulipa, inaziba sikio mtu anasikia sauti yake inavuma kichwani, na kwa mzee ambaye upotevu wake ni mkubwa haitamfikisha. Na sio ya mtoto. Kwa mhasibu wa miaka hamsini anayehangaika kwenye vikao tu, jaribu.

Vile vikuza sauti vya bei chee vinavyouzwa mtandaoni na barabarani, hapana. Vinakuza kila kitu kwa pamoja na vingi havina ukomo wa sauti ya juu, honi ya basi ikikupiga imekuzwa inaweza kukuharibia usikivu uliobaki. Na mtu akikwambia mashine yake inazuia kupoteza kumbukumbu, mjue utafiti wenyewe unasema nini. Ule wa ACHIEVE wa Marekani uliotoka 2023, watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka 3, kwa ujumla wao wote haukuona tofauti, ila kundi lililokuwa kwenye hatari zaidi kushuka kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Ni habari njema kwa hao, sio sababu ya kumtisha bibi wa mtu atoe akiba yake.

Nikishakufungia, nafanya hivi. Siku ya kwanza tunaandika sehemu tatu hadi tano unazotaka kusikia, kwa majina yake, "mke wangu akiniita kutoka jikoni", "kondakta akitaja kituo", sio "kusikia vizuri". Unaenda nayo wiki kadhaa kwa sababu ubongo unahitaji muda kuzoea sauti ambazo haujazipata kwa miaka, unaivaa kuanzia asubuhi hadi kulala, sio Jumapili tu. Ukirudi tunapita ile orodha moja baada ya nyingine, na mashine yenyewe inanionyesha imevaliwa masaa mangapi kwa siku. Ikisema saa moja, mimi sigombi na mtu wala sikimbilii kumuuzia ya juu zaidi, natafuta kinachomkera. Mara nyingi ni domu inayowasha, sauti yake mwenyewe inayovuma, au mashine kupiga mluzi akikumbatia watoto, na vyote vinarekebishika siku hiyohiyo. Kama tumerekebisha kila kitu na kipimo cha ndani ya sikio kinaonyesha sauti inafika, ila kwenye kelele bado hadaki, hapo ndo namtolea ile yenye chip mpya aijaribu kwake kabla hajalipa.