Rangi imeingia kwenye kioo cha Fouga: usikimbilie asetoni

Jumapili kijana mmoja wa hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, aliniletea kioo cha modeli, ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha, ya jeti ya Fouga Magister, amekifunga ndani ya leso kama yai. "Papa, nimeua ndege." Rangi ya fedha ilikuwa imepenya chini ya skochi ya kuzuia rangi na kutapakaa mpaka katikati. Nilimwelewa. Fouga ni ndege yetu kwa namna fulani: mwaka 1961, wakati Katanga imejitenga chini ya Tshombe, Fouga moja tu iliwasumbua sana askari wa Umoja wa Mataifa humu mjini. Kioo chake ni kirefu kwa sababu marubani wawili wanakaa mmoja mbele, mwingine nyuma. Kikiharibika hupati cha kukibadilisha sokoni.

Swali langu la kwanza halikuwa "dawa gani?" bali "rangi gani?" Akasema rangi ya akriliki ya kampuni ya Tamiya. Nikapumua.

Vioo vya modeli kwa kawaida ni plastiki ya polistireni, kama mwili wa ndege, lakini vinavunjika upesi zaidi na havifichi kosa. Ukiukwangua mwili, rangi mpya itafunika. Kioo utafunika na nini? Asetoni inayeyusha polistireni. Mimi nilijifunza hivyo kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ambayo mke wangu bado ananidai: nilipangusa mara moja, kioo kikawa cheupe kama maziwa, na hakuna kilichokirudisha. Diluan, thina ya wapaka rangi ya motokari, ni vilevile. Esansi (petroli) pia. Na lutuku, pombe kali ya kienyeji, kwa wale wanaopenda kuniuliza, iacheni kwenye chupa yake. Hakuna anayejua ina nguvu kiasi gani wala ndani mna nini.

Kwa rangi ya akriliki natumia alkoli ya famasi. Kwanza najaribu tone moja kwenye kile kijiti cha plastiki angavu kilichoshika vipande ndani ya boksi, maana ni plastiki ileile. Nangoja dakika kumi. Kisha nalowesha pamba ya masikio, naigusisha kwenye rangi, naizungusha bila kukandamiza, naitupa, nachukua nyingine. Pamba chafu ikirudi kwenye kioo inasambaza rangi tu. Usikilaze kioo ndani ya alkoli usiku kucha: penye mkazo, hasa palipopakwa gundi au palipolazimishwa kuingia, panaweza kutoka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Mafundi wa ndege za kweli wanalijua jambo hili. Vioo vingi vya ndege ndogo ni vya plastiki ya akriliki, nao wanakatazwa kuvisafisha kwa alkoli.

Rangi ikiwa imevuka mstari wa fremu kidogo tu, usitoe rangi ya kioo kizima. Chonga kijiti cha meno kiwe bapa kama patasi, kichovye kwenye alkoli, usukume rangi kurudi kwenye fremu. Mti ni laini, hauchubui kirahisi. Kisu kiache mezani.

Rangi ya mafuta kama ya Humbrol ni kesi nyingine. Ikiwa bado mbichi, white spirit, ile ya kuoshea brashi za rangi ya mafuta, inaitoa. Ikiwa imekauka wiki nzima, mimi naenda kwa wauza spea kununua mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Usichukue DOT 5: hiyo ni silikoni, haing'oi kitu. Vaa glavu, jaribu kwenye kijiti kwanza, angalia kila nusu saa, halafu osha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Maji yanayochemka yanapinda kioo.

Mikwaruzo ikibaki, msasa namba 2000 wenye maji, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba, taratibu. Lakini suuza kioo kwanza. Kiangazi hiki vumbi jekundu limejaa kila mahali, na punje moja chini ya kitambaa inachora mstari mpya kila unaposugua.

Kioo cha kijana kilitakata baada ya pamba kumi na nne. Kimebaki na kovu dogo nyuma, chini ya fremu ya rubani wa pili. Nimemwambia apake fremu ile nene kidogo.