Je, wajua kwa nini mtu akianguka mbele ya umati msaada huchelewa?

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa nasubiri pantoni ya kwenda Msangamkuu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua la Mtwara limeshakolea, na upande wetu wa mjini tulikuwa kama watu hamsini: wachuuzi wa samaki na ndoo zao tupu, wanafunzi, bodaboda wawili watatu, akina mama na mafurushi. Kijana mmoja aliyekuwa amesimama karibu na baiskeli akatoa sauti kama ya mtu aliyekabwa, akaanguka chini kwa kishindo. Mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika.

Hakuna aliyesogea. Na mimi nimo. Tulirudi nyuma hatua moja, tukafanya duara, tukaanza kutazamana. Nyuma yangu mtu akasema, "Kalewa huyo." Mwingine akasema ana mashetani. Mama mmoja akamvuta mwanawe kwa mkono, akamwambia asikanyage povu.

Ndipo akatokea bibi mmoja mwenye kapu la mihogo. Hakukimbia wala hakupiga kelele. Alifungua kanga yake ya juu, akaiviringisha, akaichomeka chini ya kichwa cha yule kijana kilichokuwa kikigonga sakafu. Kisha akainua kidole. "We mwanangu mwenye jezi ya Ndanda, ondoa hiyo baiskeli, isimuumize. We dada mwenye simu, tazama saa, uniambie zikitimia dakika tano. Na wewe baba, waambie hao watu wampe hewa." Mtikisiko ulipopungua akamlaza ubavu, mate yakatoka kinywani. Hazikutimia dakika tatu, kijana akawa anapumua vizuri.

Kilichonikaa moyoni ni yule mwenye jezi ya Ndanda. Alikuwa karibu na kijana kuliko sisi sote, na alikuwa amesimama kama gogo. Alipoonyeshwa kidole tu, aliruka. Baiskeli iliondoka, akarudi kuuliza afanye nini tena. Kama alikuwa na moyo wa kusaidia namna ile, kilichomzuia kwa ile nusu dakika ya kwanza ni nini?

Jibu la haraka tunalolipenda ni kwamba watu wa siku hizi hawana utu. Silikubali. Umati ule ule ulichanga nauli ya kumrudisha kijana kwao kabla pantoni haijatia nanga. Mtu akifiwa Mikindani au Lindi mjini, majirani hawangoji kuitwa: watakuja na kuni, maji, unga na mikeka. Utu tunao. Kuna kitu kingine kinachotufunga miguu, na kimefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka 50.

Hadithi yake inaanzia New York, Marekani. Usiku wa tarehe 13 Machi 1964 mwanamke aitwaye Kitty Genovese alishambuliwa kwa kisu karibu na nyumba yake, akafa. Gazeti kubwa la mji ule likaandika kwamba watu 38 waliona au kusikia, na hakuna aliyeita polisi. Baadaye ilibainika kwamba habari ile ilitiwa chumvi sana: wengi katika hao hawakuona kinachotokea, wapo wanaosemekana waliita polisi, na jirani mmoja wa kike alishuka akampakata mpaka mwisho. Lakini wakati ule habari iliwashtua watu, na wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakaamua kuichunguza.

Mwaka 1968 walichapisha jaribio ambalo kila nikilikumbuka naiona ile gati ya Msangamkuu. Waliwaita wanafunzi wa chuo, kila mmoja akaketi peke yake chumbani, wakazungumza kwa vipaza sauti juu ya shida za maisha ya chuo. Katikati ya mazungumzo sauti mojawapo ikaanza kukatika, ikilalamika kwamba mwenyewe ana ugonjwa wa kuanguka na sasa unamjia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, lakini wasikilizaji hawakujua. Walioamini kwamba wako wawili tu, yaani wao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijanyamaza. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, waliotoka walikuwa asilimia 31.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mtafiti alipoingia vyumbani mwa wale ambao hawakutoka, hakukuta watu waliostarehe. Aliwakuta wanatetemeka mikono, viganja vinatoka jasho, wanauliza kama yule mwenzao ameshapata msaada. Walikuwa wanateseka kuliko hata waliotoka mbio. Walikwama tu.

Kinachowakwamisha kina sura zaidi ya moja. Ya kwanza ni wajibu kugawanyika. Ukiwa peke yako na mtu aliyeanguka, jambo lote ni lako. Akifa, utajua ulikuwepo. Mkiwa hamsini, kila mmoja anabeba sehemu moja ya hamsini ya jambo lile, na sehemu hiyo ni nyepesi kiasi cha kuachika. Kila mtu moyoni anasema, atakuwepo nesi hapa, atakuwepo ndugu yake.

Ya pili, nami naiona ndiyo kubwa, ni kusomana nyuso. Mwaka huo huo watafiti hao waliwaweka watu chumbani wakijaza karatasi za maswali, kisha moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara nyingi alitoka kutoa taarifa: asilimia 75 walifanya hivyo. Lakini aliyekaa na watu wawili waliopangwa wabaki kimya, wakiendelea kuandika, aliyetoka alikuwa mmoja tu katika kumi. Wengine walikohoa, wakafikicha macho, wakaupepea moshi mbali na karatasi zao, na bado wakabaki wameketi. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akamwona ametulia, akajiambia basi si moto. Sisi pale gatini tulifanya hivyo hivyo. Nilimtazama mzee wa pembeni yangu nijue kama jambo ni zito. Naye, bila shaka, alikuwa ananitazama mimi. Uso wangu wa kuduwaa ndio uliomwambia kwamba hakuna haja ya kusogea.

Ya tatu ni kuogopa kuaibika: nisogee, kumbe ni mlevi, watu wanicheke.

Halafu kuna haraka, ambayo haihusiani na umati kabisa. Mwaka 1973 Darley na mwenzake Daniel Batson walifanya jaribio na wanafunzi wa uchungaji huko Princeton. Waliwatuma jengo la pili kutoa mazungumzo, na baadhi yao mazungumzo yenyewe yalihusu Msamaria Mwema. Njiani walimweka mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walimsaidia kwa namna fulani. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Mada ya Msamaria Mwema haikubadili mambo kwa kiasi cha maana. Watu wenye nia ya kutumikia maisha yao yote walimpita mgonjwa kwa sababu ya dakika chache.

Ukiishia hapo utadhani umati ni laana. Sivyo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa picha za kamera za barabarani kutoka Amsterdam, Lancaster ya Uingereza na Cape Town ya Afrika Kusini. Walitazama ugomvi 219 wa kweli. Katika kila tisa kati ya kumi, alikuwepo angalau mtu mmoja aliyeingilia kati, na watu walivyozidi kuwa wengi ndivyo ilivyozidi kuwa hakika kwamba mmoja atatokea. Je, hawa na wale wa 1968 wanapingana? Mimi nasoma hivi: ngumi haina utata. Kila mtu anajua anachokiona, na mmoja akinyoosha mkono kuamua, wengine wanamwona na kumfuata. Wale wa jaribio la sauti kila mmoja alikuwa chumbani peke yake, hamwoni mwenzake. Na mtu anayeanguka huku anatikisika ni jambo la utata kwa wengi wetu: pombe, mashetani, kifafa, njaa, jua? Utata ndio unaotugandisha. Akitokea mmoja wa kuuondoa, umati ule ule unageuka kuwa nguvu.

Ndiyo maana kidole cha yule bibi kilifanya kazi kuliko kelele. Angesema "Jamani saidieni!", "jamani" ingegawanywa kwa watu hamsini na kila mmoja angemwachia jirani. Alisema "mwenye jezi ya Ndanda", na hakukuwa na mwingine mwenye jezi hiyo. Ukiwa wewe ndiye unayehitaji msaada, fanya vivyo hivyo: mchague mtu mmoja, mtaje kwa nguo yake au kwa alichobeba, mpe kazi moja inayoeleweka. Wala usiogope kuomba. Mwaka 2008 Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha matokeo ya majaribio ambayo watu walitumwa kuwaomba wasiowajua mambo madogo. Katika mojawapo walitakiwa kupata watu watano wa kujaza fomu. Walikadiria ingewabidi waombe watu kama 20. Iliwatosha kuomba kama 10. Tunawadhania wenzetu ubahili ambao hawana.

Nataka nikae kidogo kwenye kifafa chenyewe, kwa sababu woga wa povu nao umewaumiza watu wengi. Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa povu, si kwa kumgusa mtu wala kula naye. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wanaoishi nacho duniani ni kama milioni 50. Hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata dawa sahihi. Mtu akiwa katika degedege hilo, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola au mtandio shingoni. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na wewe utang'atwa. Mtikisiko ukitulia mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimpe maji wala chakula mpaka akili imrudie kabisa. Na tazama saa, maana hofu hurefusha dakika. Mara nyingi hali hiyo huisha ndani ya dakika mbili tatu. Ikipita tano, au ikirudi kabla hajazinduka, au akiwa mjamzito, au ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali haraka. Kwa mtoto mwenye homa, degedege linaweza kuwa malaria kali, hivyo hata likiisha usimrudishe kitandani, mpeleke akapimwe.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji fedha. Waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, walikuwa wanajua hili zamani. Kanga ilikuwepo shingoni, simu ilikuwepo mkononi. Hata namba za kupiga ni za tarakimu tatu na ni za bure: 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 116 ni ya kutoa taarifa za mtoto anayeteswa, na 115 ni ya mfumo wa m-mama, ambao humpatia usafiri mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au kichanga anapopata dharura. Kwa mtu wa kijijini huko Nanyamba au Liwale, ambako gari ya wagonjwa inaweza kuwa mbali, namba hiyo ya mwisho inafaa ikae kwenye simu ya kila mtu nyumbani, siyo ya baba peke yake.

Pantoni ilipofika tulimpandisha yule kijana. Alikuwa ameshaanza kuitikia jina lake, ila usingizi ulimzidi, kama kawaida ya mtu aliyetoka kuanguka. Nilimuuliza bibi alijifunzia wapi. Akasema binti yake alianza kuanguka akiwa darasa la tatu, na nesi wa zahanati alimkalisha siku moja akamfundisha kwa kutumia mto. Binti sasa ana watoto wawili, anakunywa dawa kila jioni, na ni mwaka wa nne hajaanguka. Aliyasema hayo huku akiikung'uta kanga yake na kuigeuza upande usio na mate, kisha akajitanda tena.

Mwenye jezi ya Ndanda hakwenda kukaa. Alisimama upande wa jua, ameshika kipande cha boksi kwa mikono miwili, akimkingia kijana kivuli usoni mpaka tulipofika ng'ambo. Hiyo hakuna aliyemtuma.