Udongo wa msingi si "udongo tu"

Kuna ujumbe haukauki kwenye magrupu ya wajenzi: udongo uliochimbwa kwenye msingi wa nyumba ni wa asili, mwaga popote, na kifusi cha bure, jazia kiwanja.

Una chembe ya ukweli. Udongo wa kiwanja ambacho hakijawahi kutumika kwa kawaida hauna sumu, na zege au tofali safi zikipondwa hufaa kujazia njia. Shida ni historia ya mahali. Palipokuwa na gereji, harufu ya dizeli hukufikia kabla hujainama. Lakini madini ya risasi kutoka rangi za zamani hayanuki. Hayo huonekana maabara tu. Na vipande vya mabati ya kijivu yenye mawimbi, yale ya saruji, huenda vina asbesto, nyuzi ndogo zinazodhuru mapafu zikivutwa: usivivunje wala kuvifagia vikiwa vikavu.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu udongo na kifusi, safi au vichafu, vikishapakiwa kwenye tipa, vyote huonekana sawa.

Basi muulize dereva amepakia wapi. Ukiwa na shaka, chota sampuli sehemu kadhaa za lundo, si juu tu, zipimwe. Dampo lililoruhusiwa utaelekezwa na ofisa mazingira wa eneo lako. Mtoni usimwage, Kenya na Tanzania ni kosa kisheria.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali uishie kwako.